Chupa moja ya mafuta ya nazi: uchambuzi wa kisa cha mezani

Swali lililotukwamisha lilikuwa jepesi kulitamka. Mafuta ya nazi yakimwagika kwenye sakafu ya chokaa, kisha yakarushiwa mwenge, yanawaka au hayawaki? Pambano lenyewe ndani ya mchezo lingekwisha kwa kutupa dadu mara tatu nne. Ubishi wa mafuta ulikula jioni nzima, na ulipokwisha kundi letu likawa linabeba mizigo kwa namna nyingine kabisa. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa kuwa mtu aliyekulia pwani hii, akicheza michezo ya kuigiza uhusika katika dunia ya kubuni, atakutana nacho siku moja, na kitabu cha kanuni hakitamvusha.

Kundi lina watu sita na tunakutana barazani Chikongola, Mtwara mjini. Msimulizi, yaani yule anayeiendesha dunia na kuamua kinachotokea, ni kijana wa nyumba hiyo hiyo. Shangazi yake hukaanga maandazi asubuhi na kukamua mafuta ya nazi ya kuuza. Mwanzoni alikuwa akitoka nje kutukaripia kwa kelele, mwishowe akanogewa akaketi. Yupo fundi wa mashua kutoka Mikindani, ambaye wote tunamwita Fundi. Yupo mwanachuo mmoja, mwepesi wa kurusha vitu. Yupo karani wa chama cha msingi cha ushirika, na kazi yake ya stakabadhi ghalani imemfuata hadi mchezoni: hakuna kamba wala sindano inayoingia mkobani bila kuandikiwa mstari wake. Minada ya korosho ikianza Oktoba hatumwoni, na vitu huanza kupotea. Wa sita ni mimi.

Dunia tunayochezea msimulizi ameijenga kwa mfano wa Kilwa ya karne ya 14, ile aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331. Miji ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zina zidaka, sarafu ni fulusi za shaba, na vyombo vya China vinashuka bandarini kama ilivyokuwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Ila si Kilwa. Ina mazimwi, ina wachawi wanaozungumza na upepo, na huko bara ina makaburi ya majoka. Hayo makaburi ameyaweka Tendaguru, na hapo hakuhitaji kubuni sana. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin hadi leo. Mtoto wa Lindi akiambiwa kuna mifupa ya joka porini hana sababu ya kucheka.

Kanuni ni za Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutoka mwaka 1974. Sisi tunatumia toleo la tano, la mwaka 2014. Orodha yake ya bei ina vitu vya kawaida kabisa: mwenge mmoja ni sarafu moja ya shaba na unawaka saa moja, taa ni sarafu tano za fedha, chupa ya mafuta ni sarafu moja ya fedha, yaani shaba 10, na inaiwasha taa kwa saa 6. Mwenge unaangaza vizuri mita 6 hivi, taa mita 4 na nusu, mbele ya hapo ni ukungu wa mwanga. Wanaopenda hesabu watagundua kwamba saa 6 za mienge ni shaba 6, wakati saa 6 za taa ni shaba 10. Lakini mienge sita ina uzito mara sita ya chupa ile. Anayelipia mafuta analipia mgongo wake.

Mafuta hayo hayo yanaweza kuwa silaha. Kanuni inaruhusu kumrushia adui chupa akalowa. Akiguswa na moto kabla hayajakauka, anaumia pointi 5 za ziada, yaani uhai wake unapungua kwa tano. Au unayamwaga chini, yanatanda eneo la mita moja na nusu kwa moja na nusu, ukiyawasha yanawaka kwa raundi mbili, yaani sekunde 12, na anayepita humo anaumia pointi 5. Kitabu kinasema mafuta, basi. Ya nini, hakisemi.

Sasa kisa. Wahusika wetu walikuwa wameshuka kwenye maghala ya chini ya jumba lililobaki gofu, kutafuta sandarusi, gundi ya mti yenye thamani, iliyofichwa na mfanyabiashara aliyekufa zamani. Mwanachuo anacheza hamali, Shangazi anacheza mganga, Fundi ni nahodha aliyepoteza chombo, Karani ni mpima mizani wa sultani, mimi mwandishi wa barua. Tulikuwa na taa moja, mwenge mmoja na chupa tatu za mafuta. Sandarusi tuliipata, ratili 10. Tukiwa tunageuka kurudi, mazimwi matatu yakatokea kwenye ujia. Hamali akaivunja chupa ya akiba sakafuni miguuni pao, akawasha mwenge kwa taa, akaurusha juu ya mafuta.

“Linawaka!” alisema msimulizi, na kuanza kueleza ukuta wa moto.

Shangazi akaweka kikombe chini. “Baba, haliwaki. Mafuta ya nini hayo?”

Karani akafungua daftari. Siku tulipokuwa tunanunua vifaa, kwenye soko la mji ule, msimulizi mwenyewe alikuwa amesema muuzaji ana mitungi ya mafuta ya nazi. Karani aliandika hivyo. Ushahidi ulikuwa kwenye karatasi.

Mwanachuo hakukubali. Alitaja karai: nani hajaona karai la mafuta likishika moto jikoni? Hoja ilikuwa nzuri, na Shangazi alikuwa na jibu la mtu aliyesimama mbele ya karai miaka mingi. Karai linashika moto likisahauliwa. Kwanza mafuta yanatulia, halafu yanatoa moshi mweupe, halafu moshi unazidi na kuchoma macho, ndipo moto unaruka. Njia yote hiyo lazima ipitwe. “Mimi nikimwaga mafuta ya baridi jikoni siungui, mwanangu. Naanguka.”

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na Shangazi alikuwa amelisema lote. Kinachowaka si mafuta yenyewe yakiwa majimaji. Ni mvuke wake. Kila mafuta yana joto lake ambalo chini yake hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto hata ukiyasogezea mwali. Petroli joto hilo liko chini sana ya sifuri, ndiyo maana ni hatari muda wote. Mafuta ya taa yanaanzia nyuzi 38 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hata hayo, yakiwa dimbwi kwenye sakafu ya kivulini, yanaweza kuizima njiti ya kiberiti kabla hayajaamua kuwaka. Mwenge yangeuchukulia kwa uzito zaidi. Mafuta ya nazi, ya ufuta, ya mbarika, yote yanataka zaidi ya nyuzi 200. Sakafu ya ghala la chini ya ardhi katika pwani yetu ina nyuzi ishirini na kitu. Mwenge unaotua juu yake hauna nafasi ya kuyapasha dimbwi zima, maana jiwe la chini linalinyonya joto.

Sasa mbona taa ya mafuta ya nazi inawaka? Kwa sababu ya utambi. Uzi wa pamba unayapandisha mafuta kidogo kidogo hadi kwenye mwali, na tone lile dogo linapashwa hadi kuwa mvuke huku mengine yote bakulini yamekaa baridi. Ondoa utambi, una kitoweo. Pamba, kwa wanaojali uaminifu wa dunia, haina shida: Kilwa wamefukua vigae vingi vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kusokotea nyuzi, kwa hiyo utambi ulikuwepo.

Nina dhana kwamba waliotunga kanuni zile, Wamarekani wa miaka ya sabini, walipofikiria taa walifikiria chemli na dumu la mafuta ya taa. Kwao chupa ya mafuta inayovunjika na kuwaka ni jambo la kawaida. Lakini mafuta ya taa ni kitu cha karne ya 19. Dunia yenye sultani, mikuki na fulusi za shaba haina kisima cha kuyatoa wala mtambo wa kuyachuja, isipokuwa mchawi ameyatengeneza, na mchawi ana bei yake. Kibatari tulichosomea wengi wetu hakimo katika dunia ile, ingawa umbo lake ndilo linalotujia kichwani tukisikia neno taa.

Fundi, aliyekuwa kimya, akaongeza jambo lililobadilisha uamuzi. Alisema tusiulize mafuta gani tu, tuulize yamelowesha nini. Mafuta ya nazi kwenye chokaa hayana kitu. Mafuta hayo hayo kwenye makumbi, kwenye kamba ya usumba, kwenye paa la makuti makavu, ni jambo jingine, kwa sababu kila unyuzi unageuka utambi. Kwenye mashua wanakalafati, yaani wanaziba mianya ya mbao, kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, na hakuna fundi anayewasha sigara jirani na matambara yake. Kwa hoja hiyo, kama hamali angempiga zimwi mwenyewe, na zimwi lina manyoya au limevaa nguo, pointi 5 zingekuwa halali, tena zingechelewa kidogo kuanza na kuchelewa zaidi kuzimika.

Msimulizi aliamua hivi. Mwenge uliolala kwenye dimbwi ulibaki unawaka wenyewe, kama utambi mkubwa, bila ukuta wa moto. Sakafu iliyolowa ikawa ya utelezi. Kila zimwi likatupiwa dadu. Mawili yakaanguka, la tatu likaruka upande na kukutana na mkuki wa nahodha. Mwenge ukakanyagwa katika purukushani ukazimika. Pambano tulilishinda, na kusema kweli tulilishinda vizuri kuliko ambavyo pointi 5 za moto zingetufikisha, kwa kuwa mazimwi yale yalikuwa na uhai mwingi na miguu miwili tu kila moja.

Naukubali uamuzi ule. Haukumnyima mwanachuo zamu yake wala haukumwambia kitendo chake ni bure. Ulikipa matokeo ambayo kila aliyekuwa barazani aliwahi kuyaona kwa macho. Kuna wasimulizi ambao wangeshika kitabu na kusema kilichoandikwa kimeandikwa. Wana haki yao. Ila kwenye meza yenye mkamua mafuta na fundi wa mashua, kanuni inayoshindana na mikono ya watu inawatoa watu mchezoni.

Baada ya hapo mjadala ukawa wa kupanga mafuta ya dunia nzima, na hii ndiyo sehemu niliyoipenda. Mafuta ya nazi: mwanga safi, moshi kidogo, harufu ya nyumbani. Kasoro yake ni kwamba yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi. Asubuhi za Julai hata hapa Mtwara chupa huwa nyeupe, na safari ya kupanda uwanda wa juu, kule tunakoweka miji mfano wa Newala, ina maana ya kulala na chupa kifuani la sivyo alfajiri hakuna cha kumimina. Mafuta ya ufuta hayana tatizo hilo, na kwa kuwa ufuta unalimwa Lindi na Mtwara kwa wingi, msimulizi ameyafanya mafuta ya watu wa bara. Mafuta ya mbarika ni mazito, yanapanda utambi kwa uvivu; ni ya maskini na ya wanaolinda usiku kucha. Sifa, mafuta ya ini la papa ambayo mafundi hupaka vyombo, yanawaka lakini yananuka, na tumekubaliana zimwi linayanusa kabla halijaiona taa. Fundi alitaka sana hilo liandikwe.

Karani naye alikuwa na lake, la maganda ya korosho. Aliyewahi kubangua kwa moto anajua mafuta ya ganda lile: yanababua ngozi, na maganda yakiwa kwenye moto yanarusha cheche na miali, na moshi wake ni adhabu. Hayo ndiyo ya kurusha, alisema, achaneni na nazi. Tatizo ni kwamba mkorosho ni mti wa Brazili, Wareno ndio waliouleta upande huu wa Afrika katika karne ya 16, na dunia yetu iko kabla ya majahazi yao kufika. Mwanachuo akacheka: tuna mazimwi, tunashindwa kuwa na korosho? Msimulizi akapata njia ya katikati, kwamba mikorosho ipo kwenye kisiwa kimoja cha mbali na mafuta yake yanakuja kwa mitungi midogo, ghali, yamefungwa kwa nta, na anayeyavunjia mfukoni atababuka. Huo ndio uhuru wa dunia ya kubuni. Kitu kinaweza kutoka popote, mradi kifike na nauli yake.

Yote hayo yalikuwa matamu. Karani ndiye aliyeturudisha ghalani.

Tulishuka na chupa tatu, saa 18 za mwanga. Kushuka kulichukua saa 7. Chupa ya kwanza ilikwisha, ya pili ilikuwa ndani ya taa ikiwa imebakiza saa 5, na ya tatu ndiyo iliyopasuka sakafuni. Njia ya kurudi ni saa 7 zile zile. Mwenge umekanyagwa. Tulikuwa na saa 2 za giza tupu katika maghala ambayo tayari tunajua yana wenyeji. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba hata kama lile dimbwi lingewaka kama kitabu kinavyotaka, hesabu isingebadilika. Hamali alikuwa amenunua sekunde 12 kwa saa 6.

Katika kanuni za kale za mchezo huu mwanga ulihesabiwa kwa ukali: zamu za dakika kumi kumi, mwenge zamu 6, fanusi zamu 24. Makundi mengi yameacha kuhesabu kwa kuona inachosha. Inachosha kweli, kama hakuna karani. Kwetu kuna karani, na giza lile la saa 2 lilitutisha kuliko zimwi lolote tulilowahi kukutana nalo.

Tulipekua mikoba. Nazi mbili za chakula: kukuna, kuchuja na kupika hadi mafuta yatengane ni kazi ya saa nyingi na inataka moto ambao hatuna. Kamba ya usumba: inawaka kwa kufukuta, haiangazi. Fundi ndiye aliyesema, polepole, kwamba sandarusi inawaka.

Na inawaka. Ni gundi ya mti iliyogandia ardhini, watu wa pwani hii waliichimba na kuiuza. Katika karne ya 19 ilivuka bahari hadi Salem huko Marekani ikatengenezwa vanishi. Ikishika moto inatoa mwali wa njano, moshi na harufu nzuri. Lakini ndiyo mali tuliyoshukia. Msimulizi alikadiria ratili moja kwa saa moja, na bei yake sokoni fedha 5 kwa ratili. Ratili mbili zikateketea ndani ya chungu cha mganga, tukatoka.

Hapo nina kinyongo kidogo na msimulizi. Sandarusi ikipata moto inayeyuka na kuchuruzika. Si kuni ambayo unaitazama ikiisha kwa adabu. Chungu kilistahili kutupiwa dadu ya kupasuka, na moshi ule kwenye ujia usio na dirisha ulistahili kutukohoza hadi mazimwi ya ghorofa ya juu yatusikie. Alituonea huruma kwa kuwa usiku ulikuwa umeenda na Shangazi ana unga wa kukanda alfajiri.

Kilichobaki ni deni. Karani ameandika fedha 10 za sandarusi iliyochomwa kwenye ukurasa wa hamali, kwa hoja kwamba chupa ya fedha moja ingezuia hasara yote. Mwanachuo anasema bila utelezi wa chupa ile zisingebaki ratili 8 za kugawana, na kwamba aliambiwa “linawaka” na mwenye dunia yake kabla ya kunyang'anywa moto. Shangazi yuko upande wa mwanachuo, Fundi upande wa Karani. Mimi ningemtoza bei ya chupa tu, fedha moja, na sandarusi ikatwe kwenye fungu la wote, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyemshika mkono hamali alipoinua akiba ya mwisho. Kura ni mbili kwa mbili, na msimulizi amekataa kupiga ya tano hadi mwanachuo aeleze safari ijayo atabeba mafuta gani.